Homa Ambayo TDR Haiioni

Kwa familia za Kasongo na Kabambare: namna ya kutambua maambukizi ya damu, kufika mapema, na kutoziharibu dawa chache zilizobaki

Maniema ya kusini, homa ina majina mawili: malaria na tifoide. Mtoto akichemka hutajwa la kwanza. Dawa ikishindwa hutajwa la pili. Yote mawili yakishindwa, ndipo watu huanza kuulizana ni nani mwenye mkono mbaya katika ukoo. Katikati ya majina hayo unapita ugonjwa usiotajwa: bakteria walioingia kwenye damu na kuzaana humo. Kile kipimo cha haraka cha kuchoma kidole, TDR, hutafuta malaria peke yake. Hakikuundwa kuona bakteria.

Mwongozo huu ni wa mzazi, bibi, reko wa kijiji (mhudumu wa afya wa jamii), na yeyote anayeuguza mtu mbali na hospitali. Haufundishi kutibu maambukizi ya damu nyumbani, maana hayatibiki nyumbani. Unaeleza uondoke lini, ubebe nini, na uachane na nini.

KWA NINI SAA ZINA UZITO KULIKO KIPIMO

Kati ya mwaka 1998 na 2002, hospitali ya wilaya ya Kilifi, pwani ya Kenya, iliotesha damu ya watoto waliolazwa, yaani iliitia katika chupa yenye chakula cha bakteria ili ionekane kama kitaota kitu. Matokeo yalichapishwa 2005. Kati ya watoto waliokutwa na bakteria kwenye damu, 28 katika kila 100 walikufa. Na katika hao waliokufa, 7 kati ya 10 walikufa ndani ya siku mbili tangu kulazwa.

Sasa weka hilo kando ya jambo jingine: damu iliyooteshwa huhitaji siku mbili, tatu, hata tano, kabla maabara haijasema bakteria ni gani na ni dawa ipi inayomuua. Kwa wengi wa watoto wanaokufa, jibu hutoka wakati matanga yameshakaa. Ndiyo maana daktari hasubiri. Huanza dawa kwa kukisia, akifuata anachojua juu ya bakteria wanaozunguka eneo lake. Bakteria akiwa ameshaizoea dawa hiyo, zile siku mbili zimekwenda bure. Uchunguzi wa Muhimbili, Dar es Salaam, wa mwaka 2001 na 2002 ulionyesha hivyo hivyo: takriban mtoto mmoja kati ya watatu wenye maambukizi ya damu alikufa, wakati kwa malaria alikufa mmoja kati ya watano, na waliopewa dawa ambayo bakteria wao walikuwa sugu kwake ndio waliokuwa hatarini zaidi.

Na huku Kongo ni bakteria gani? Kwa watoto, anayeongoza ni Salmonella, lakini si yule wa tifoide. Ni ndugu yake, ambaye Ulaya huleta tumbo la kuhara la siku chache basi. Hapa huingia kwenye damu, mara nyingi bila kuhara kabisa: homa tu, mtoto mweupe kwa kukosa damu, pengine bandama imevimba. Hupenda watoto wa chini ya miaka mitano, hasa wenye malaria au waliotoka kuiugua, wenye upungufu wa damu, na wenye utapiamlo. Malaria huudhoofisha mwili kwa namna inayompa Salmonella nafasi. Kwa hiyo mtoto mmoja anaweza kuwa na vyote viwili siku moja.

Taasisi ya utafiti wa tiba ya Kinshasa, INRB, pamoja na Taasisi ya Tiba ya Kitropiki ya Antwerp, zimefuatilia bakteria hawa kwa miaka mingi katika hospitali kama ile ya Kisantu, Kongo-Central. Dawa tatu za zamani, ampisilini, kloramfenikoli na kotrimoksazoli, haziwasumbui tena wengi wao. Mwaka 2019 watafiti walieleza tawi la Salmonella kutoka Kongo linalozishinda hizo tatu na kuongeza seftriaksoni na azitromisini, dawa ambazo hospitali nyingi huzitegemea pale nyingine ziliposhindwa. Usiseme Kisantu ni mbali. Bukavu, katika hospitali kuu ya mkoa, uchunguzi wa mkojo uliochapishwa 2014 ulikuta bakteria wenye uwezo wa kuivunja seftriaksoni na dawa za ukoo wake.

KISANDUKU CHA 1: ONDOKA SASA, USINGOJE ASUBUHI

Mtoto wa zaidi ya miezi miwili, akiwa na hata moja tu:
☐ hawezi kunywa wala kunyonya
☐ anatapika kila anachopewa
☐ ametikiswa na degedege
☐ amelegea mno, au haamki vizuri
☐ anapumua kwa shida, kifua kinaingia ndani
☐ viganja na midomo vimekuwa vyeupe
☐ homa imerudi, au haikushuka, baada ya kumaliza dawa ya malaria

Mtoto mchanga wa chini ya miezi miwili:
☐ ameacha kunyonya vizuri
☐ ni wa moto, AU ni wa baridi kuliko kawaida
☐ hajongei mpaka aguswe
☐ anapumua haraka, mara 60 au zaidi kwa dakika
☐ kitovu kinatoa usaha, au wekundu umesambaa kwenye ngozi

Mtu mzima, hasa mama aliyejifungua karibuni:
☐ homa pamoja na kuchanganyikiwa, kupumua mbio, mikono na miguu baridi, au mkojo kukauka
☐ baada ya kujifungua: homa, maumivu ya tumbo la chini, uchafu wenye harufu mbaya

Angalia tena mstari wa mtoto mchanga aliyepoa. Familia nyingi hungoja joto. Mchanga mwenye maambukizi ya damu anaweza asipate homa hata kidogo: hupoa, hukaa kimya, huliacha titi. Utasikia wakimsifu kuwa ametulia. Mama anayenyonyesha ndiye wa kwanza kuona tofauti, na akisema mtoto hanyonyi kama jana, hilo latosha kuondoka.

KABLA HUJATOKA: KARATASI YA DAWA

Pale ambapo hakuna maabara ya kuotesha damu, historia ya dawa alizokwisha kupewa mgonjwa ni karibu dalili pekee ya usugu aliyo nayo daktari. Mtoto aliyemeza ampisilini siku tatu na bado anachemka amemwambia daktari jambo kubwa. Ila lazima lisemwe, na hapo ndipo tunapopotezana. Watu huficha dawa za sokoni kwa sababu wanaogopa kugombezwa na muuguzi. Kemeo huisha dakika moja. Dawa isiyofaa ikirudiwa hula siku mbili ambazo mtoto hana.

Fanya hivi, wakati mtu mwingine anatafuta pikipiki au vijana wa tipoyi:

1. Chukua karatasi yoyote, hata ukurasa wa daftari la shule. Andika umri wa mgonjwa na siku homa ilipoanza.

2. Andika kila dawa, ya mzungu na ya mitishamba, ya kumeza, ya sindano na ile iliyopigwa kwa nyuma. Siku gani, mara ngapi, ilitoka wapi.

3. Hujui jina? Beba ganda, chupa, boksi, hata kidonge kimoja kilichobaki. Rangi ya kidonge haitoshi, kwa sababu dawa tofauti hufanana rangi.

4. Andika vipimo: TDR ilisema nini, siku gani.

5. Mtoto anayeweza kumeza, mnyonyeshe mpaka mnaondoka na njiani pia. Aliyeacha ziwa, mpe maji ya sukari: vijiko vinne vya chai vilivyosawazishwa katika kikombe cha mililita 200 cha maji safi. Mtoto mgonjwa huishiwa sukari mwilini haraka. Asiyeweza kumeza, au aliyezimia, usimtie kitu mdomoni.

6. Mchanga mfunge kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, kitenge juu.

7. Kama santé, yaani kituo cha afya, iko njiani, pitia hapo. Omba sindano ya kwanza na karatasi ya kuhamishiwa hospitali, na muuguzi aandike saa aliyochoma. Kama santé imefungwa au haina dawa, usikae barazani kungoja. Endelea na safari.

KISANDUKU CHA 2: MFANO WA KARATASI

Mtoto wa kiume, miezi 14. Homa tangu Jumatatu.
Jumatatu: TDR chanya, santé. Dawa ya malaria siku 3, amemaliza.
Alhamisi: ampisilini, vidonge 4, sokoni.
Ijumaa usiku: sindano 1, jirani alichoma. Jina halijulikani, chupa ipo.
Jumamosi: anatapika, hanyonyi.

Hatua ya saba inanikumbusha kwamba utaratibu wa santé kumpeleka mgonjwa hospitali kuu si mgeni hapa. Katika miaka ya 1970 waganga wa Antwerp na wenzao wa hapa walijenga kuzunguka Kasongo mtandao wa vituo vya afya vilivyofungamana na hospitali moja. Mradi wa Kasongo ukajulikana mbali. Uchunguzi wao juu ya chanjo ya surua na uhai wa watoto ulitoka katika jarida la The Lancet mwaka 1981, na mpango wa zoni za afya unaotumika nchi nzima uliokota mengi kutoka huku. Karatasi ya kuhamishwa ni sehemu ya utaratibu huo. Ukifika nayo, huanzi upya mwisho wa mstari.

MITEGO MIWILI: TDR NA WIDAL

TDR ikiwa chanya, malaria itibiwe. Hilo halina ubishi. Kosa ni kufunga mjadala hapo. Kuna mambo mawili ya kukumbuka. Kwanza, mtoto mwenye malaria kali anaweza kuwa na bakteria kwenye damu wakati huo huo. Pili, TDR nyingi huendelea kuonyesha mistari miwili kwa wiki kadhaa baada ya malaria kupona. Kwa hiyo homa ikirudi wiki ya pili na TDR ikawa chanya tena, huenda unasoma ugonjwa wa wiki iliyopita. Omba waangalie tone la damu kwa darubini.

Widal, kipimo cha damu cha tifoide, ndiyo yenye hasara kubwa zaidi, na hapa nitasema bila kupamba. Utasikia: "Tifoide imepanda." Kipimo hicho hakimtafuti bakteria. Hutafuta askari ambao mwili uliwatengeneza, na askari hao wanaweza kuwa wa ugonjwa wa zamani au wa ugonjwa mwingine kabisa. Widal moja, iliyochukuliwa siku moja, haiwezi kuthibitisha tifoide. Lakini kwa jibu hilo watu hununua siprofloksasini mwezi huu, mwezi ujao na mwezi wa tatu, wakitibu namba iliyo kwenye karatasi. Wanachofanya ni kuwafundisha bakteria wa matumbo yao kuishi na siprofloksasini.

Tifoide ya kweli ipo, na ni kali. Kinshasa, mwishoni mwa 2004 na mwanzo wa 2005, iliwapata watu zaidi ya 42,000, na karibu 700 kati yao utumbo ulitoboka au tumbo likajaa usaha. Bakteria wake walikuwa sugu kwa dawa kadhaa. Mgonjwa aliyechemka wiki nzima au zaidi, kisha tumbo likamuuma ghafla na kuwa gumu kama ubao, anahitaji hospitali yenye chumba cha upasuaji leo hii. Usimpe chakula, usimpe dawa ya minyoo, usimkande tumbo.

UKIFIKA HOSPITALI

Toa karatasi ya dawa kabla hujaulizwa. Kisha uliza maswali haya kwa upole, mmoja wa familia akiwa msemaji:

- Je, hapa mnaweza kuotesha damu? Kama ndiyo, itachukuliwa kabla ya sindano ya kwanza?
- Dawa hii inaitwaje, na ni ya siku ngapi?
- Tutajuaje kama haifanyi kazi, na tutakuja kwako siku gani?

Swali la tatu huwashtua baadhi ya wauguzi, lakini ndilo lenye maana kuliko yote. Maambukizi yakiwa ya bakteria sugu, mtoto hatabadilika baada ya siku mbili za dawa, na daktari mzuri atataka kufikiria upya wakati huo, si siku ya sita.

Mrija wa dripu mkononi ni njia ya bakteria wa hospitali kuingia kwenye damu, na hao ndio sugu kuliko wote. Uangalie asubuhi na jioni. Ukiona wekundu, uvimbe au maumivu, mwite muuguzi autoe. Usiubonyeze, usiufungue, usiulowanishe. Kila anayemgusa mtoto anawe mikono kwa sabuni, daktari akiwemo. Ukiona aibu kumwambia, nawa wewe mbele yake kisha umsogezee ndoo.

KISANDUKU CHA 3: KWA MUUGUZI MWENYE CHUPA ZA KUOTESHEA

1. Chukua damu kabla ya antibiotiki, lakini mgonjwa mahututi asicheleweshwe kwa ajili ya chupa.
2. Pangusa kifuniko cha chupa na ngozi kwa alkoholi ya asilimia 70. Ngoja vikauke vyenyewe. Kupuliza kwa mdomo kunarudisha bakteria uliowaondoa.
3. Usiguse tena mahali ulipopangusa.
4. Mtu mzima: mililita 8 hadi 10 kwa chupa. Mtoto mdogo: 1 hadi 3. Damu ikiwa haba, bakteria anaweza asionekane.
5. Chupa isiingie friji hata dakika moja. Baridi inaweza kuwaua baadhi ya bakteria unaowatafuta.
6. Andika saa, tarehe, na dawa zilizotangulia. Mwenye karatasi ya dawa usimgombeze kabla hujainakili.

FARMASI NA MEZA ZA SOKONI

Kutoka vijiji vya Kabambare au Saramabila safari ya hospitali ni ndefu, na mvua ikikata njia, mwenye meza ya dawa ndiye mganga aliye karibu. Siwezi kukuambia usikanyage kwake. Naweza kukuambia usinunue nini.

Usinunue antibiotiki kwa kidonge kimoja kimoja au viwili viwili. Dozi ya nusu siku haiponyi. Huua bakteria dhaifu na kuwaachia sugu uwanja.

Usinunue sindano ya seftriaksoni kuchomwa nyumbani kwa homa ya siku moja. Hiyo ni kati ya dawa za mwisho tulizo nazo. Tena jirani mwenye sindano moja kwa nyumba nyingi anaweza kukuachia virusi vya homa ya ini au UKIMWI.

Usikubali kopo lisilo na jina, tarehe ya mwisho na namba ya toleo, wala dawa iliyokaa juani mchana kutwa. Unga uliopaswa kuwa mkavu ukiona umegandamana, au vidonge vimebadilika rangi, viache.

Usitunze mabaki kwa ajili ya mtoto mwingine. Na kikohozi cha mafua na makamasi hakihitaji antibiotiki yoyote.

Fedha za usafiri ndizo huwasukuma wengi kwenye meza hizo. Kikundi cha likelemba, cha kuchangiana fedha kwa zamu, kinaweza kukubaliana kwamba mwenye mgonjwa wa Kisanduku cha 1 hupewa zamu yake siku hiyo hiyo, bila kungoja mzunguko. Kubalianeni mapema, na pangeni kabisa na mwenye pikipiki atakayeamshwa usiku.

KUMZUIA BAKTERIA ASIINGIE

Chandarua kila usiku, kwa kuwa kupunguza malaria kunapunguza Salmonella ya damu pia. Hata chandarua chenye tundu, kishone ukitumie.

Chanjo za wiki ya 6, 10 na 14 zina kinga dhidi ya bakteria wawili wakubwa wa damu na mapafu, nimokoka na Hib. Ya surua miezi 9. Ukikosa tarehe, nenda tu. Watakupanga upya.

Kitovu cha mchanga kikatwe kwa wembe mpya na kiachwe kikavu. Majivu, mafuta ya mawese, udongo, mate: hapana. Ukipewa klorheksidini ya kitovu, iweke mbali na dawa za macho. Watoto wamewahi kuumizwa macho kwa kuchanganya chupa.

Sombe na wali wa jana vipashwe moto mpaka vichemke kote, si vuguvugu. Maji ya mtoto yachemshwe au yatiwe klorini. Sabuni iwepo chooni na penye kupikia.

MKIRUHUSIWA KURUDI NYUMBANI

Usiondoke bila karatasi ya kutoka yenye jina la ugonjwa, majina ya dawa na idadi ya siku zilizobaki. Kama dawa ya kumalizia ni sindano, ulizeni santé ya karibu kama wanayo kabla hamjatoka mjini, au inunueni yote pale pale. Mtoto akichangamka siku ya tatu, dawa bado inaendelea mpaka siku iliyoandikwa.

Pimeni uzito wake wiki ya kwanza na ya nne, kwa kuwa mtoto anayetoka kwenye maambukizi ya damu hupungua, na utapiamlo huyarudisha. Mpeni chakula mara nyingi kwa kiasi kidogo: uji wenye karanga, samaki, yai likipatikana.

Homa ikirudi ndani ya wiki nne, msianzie sokoni. Chukueni karatasi ya kutoka, ongezeni chini yake tarehe homa iliporudi, na rudini hospitali ile ile iliyomlaza.